Nchini Kanada, rashasha iliyorekebishwa bado ni rashasha

Wengi huamini kwamba rashasha ya Vita vya Pili vya Dunia, mfano Bren zilizoundwa na kiwanda cha John Inglis mjini Toronto, ikirekebishwa itoe risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, itaingizwa Kanada kama bunduki ya kawaida. Si kweli. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Jinai kinaihesabu bado kuwa silaha marufuku.

Bunduki mpya iliyoundwa tangu mwanzo kufyatua risasi moja moja ni suala jingine, ila nayo ina mtego. Mwaka 1993, katika kesi ya Hasselwander, Mahakama ya Juu iliamua kwamba silaha inayogeuzika rashasha upesi na kwa urahisi ni rashasha tayari. Naona waliamua vyema. Kwa hiyo cheti cha muuzaji wa nje kinachosema bunduki hufyatua moja moja hakitoshi kamwe.