Seriali si sizoni

Juzi kijana anayenijazia muvi kwenye flashi aliniambia, "Mzee wangu, hiyo sizoni ya Pauline ya 1914 nimeitafuta wee, sijaipata." Kutoipata namsamehe. Hiyo ni filamu ya The Perils of Pauline: vipande vilikuwa 20, na kilichosalia leo ni toleo la Ulaya lililopunguzwa likabaki na 9. Kilichonichoma ni hilo neno sizoni.

Seriali ni hadithi moja ya filamu iliyotolewa kipande kwa kipande katika majumba ya sinema mpaka ikaisha. Sizoni ni fungu la vipande vya msimu mmoja wa televisheni. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye asili ya maneno. Kilatini kina vitenzi viwili vyenye sura moja, serere na serere, kama sisi tulivyo na paa la nyumba na paa wa porini. Kimoja ni kupanda mbegu: humo ndimo lilimochipuka neno la Kifaransa la majira, Waingereza wakalichukua, nasi tukapata sizoni. Kingine ni kuunga vitu kwa kufuatana, na seriali imetoka huko. Kiswahili kina kitenzi kinachomtosha huyu wa pili bila kupunguzwa: kutunga. Unatunga shanga, unatunga hadithi. Aliyeandika seriali alikuwa mtunzi kwa maana zote mbili.

Mtazame Charles Goddard, aliyeitunga hiyo ya Pauline. Alikuwa mwandishi wa magazeti, akaandika na michezo ya jukwaani pamoja na Paul Dickey, ndipo kampuni ya filamu ya Pathé na magazeti ya Hearst wakamhitaji. Hadithi ilisomwa gazetini, kisha watu wakaenda kumwona mwigizaji Pearl White akiicheza kwenye sinema. Uzi wake ni urithi: mlezi wa Pauline amekufa, mali iko mikononi mwa katibu hadi binti aolewe, na binti anataka kwanza kuona dunia ili aje kuwa mwandishi. Katibu anataka afe kabla ya ndoa. Shanga ni mitego yake. Katika kipande cha kwanza Pauline anapeperushwa na puto lililofunguliwa kwa hila, anateremka kwa kamba ya nanga hadi kwenye genge, na Harry, mchumba wake, anamwokoa.

Anaokolewa hapo hapo, hungoji kipande kijacho. Nalisema hili kwa sababu kuna wajuaji wanaodai kuwa seriali lazima ikuache roho juu. Vipande vingi vya Pauline vilimaliza hatari yake vyenyewe. Seriali nyingine, ile ya Kathlyn, iliyoanza mwishoni mwa 1913, ndiyo iliyokuwa ikiwaacha watazamaji njia panda. Zote mbili ni seriali, maana kinachozifanya hivyo ni uzi.

Goddard aliendelea na kazi hiyo: mwisho wa 1914 walikuja na hadithi ya Elaine, yeye na mwandishi Arthur B. Reeve. Hiyo nayo si sizoni ya pili ya Pauline. Ni binti mwingine, uzi mwingine.

Kwa hiyo, kijana wangu, zile za televisheni unazoniwekea, ya kwanza mpaka ya tano, ziite sizoni, ndivyo zilivyo. Ya Pauline iandike seriali, na mfululizo pia sitakataa. Ya pili usihangaike kuitafuta. Mwishoni Pauline alikubali kuolewa na Harry.