Kwenda na kurudi kisiwa kimya cha Ugiriki: dhana potofu na ukweli

Ukipata viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo, na siku mbili tatu za kukaa Athens, ndugu na marafiki watakuuliza swali moja tu: "Santorini umefika?" Hapo ndipo makosa mengi huanzia.

"Visiwa vyote viko jirani na Athens."
Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi kisiwa hicho cha Santorini ni mwendo wa kama saa 5 kwa boti ya kasi, na saa 7 au 8 kwa meli ya kawaida. Hapo bado hujarudi. Vya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni visiwa vya Ghuba ya Saroniki: Aegina, Agistri, Poros na Hydra. Hydra hairuhusu magari, basi wengi hudhani kimya kiko huko. Kumbe mchana wa kiangazi gati lake hufurika watalii wa safari za "visiwa vitatu kwa siku moja", wanaoshushwa wote kwa mkupuo.

Kwa utulivu, mimi ningekwenda Agistri. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 13 hivi, na misonobari yake inashuka karibu ichovye miguu baharini. Epuka tu wikendi za Agosti, maana watu wa Athens nao wanakijua.

"Boti ya kasi ndiyo bora."
Inategemea unaharakia nini. Ya kasi hufika Agistri kwa takriban saa moja, lakini umefungiwa ndani kama abiria wa basi la mkoani. Meli ya kawaida huchukua karibu saa mbili ikipitia Aegina, nauli yake ni nafuu, na unakaa juu kwenye sitaha unapunga upepo. Ikikaribia gati, mlango wa nyuma huanza kushuka kabla haijasimama sawasawa. Mabaharia wanapiga kelele, pikipiki zinanguruma, na bibi na mifuko yake ya soko yuko mbele ya wote. Hiyo peke yake ni nusu ya matembezi. Ila soma vizuri tiketi ya kurudi: Agistri ina bandari mbili, Skala na Megalochori, na ukisubiri kwenye isiyo yako utabaki unapunga mkono.

"Lazima upitie uhamiaji, kama unavyoingia Zanzibar."
Hakuna dawati la uhamiaji kati ya Piraeus na visiwa hivi. Tiketi hukatwa kwa jina lako, kwa hiyo pasipoti uwe nayo. Jambo la kuogopa ni jingine: ukiwa Rhodes au Kos, visiwa vya Ugiriki vilivyo karibu na Uturuki, ukivutwa na boti ya kwenda Uturuki kwa siku moja, umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, kurudi hakuna.

"Ufukwe ni ufukwe."
Aliyezoea ufukwe wa Paje, Zanzibar, ambako maji yakipwa unatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani, atashangaa. Huku kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji hata mita 4. Saroniki tofauti hiyo huioni kwa macho. Ndiyo maana meza za mikahawa zimepangwa karibu kabisa na maji bila wasiwasi, na ndiyo maana hakuna anayeuliza maji yanajaa saa ngapi. Fukwe nyingi ni za kokoto, basi beba viatu vya kuogelea. Mwezi Mei maji bado ni ya baridi ya kukufanya upige ukelele. Agosti na Septemba ndiyo wakati wake. Na Chalikiada, ufukwe mzuri chini ya jabali karibu na Skala, watu huoga uchi. Usiwapeleke wakwe.

"Kisiwani samaki ni bei ya bure."
Samaki wabichi huuzwa kwa kilo, na si rahisi. Mwambie mhudumu akuonyeshe samaki, ampime mbele yako, akutajie bei kabla hajaingia jikoni. Chakula chenye alama ya nyota kwenye menyu kwa kawaida kilikuwa kimegandishwa. Mwenye bajeti ndogo aulize gavros, dagaa wao wa kukaanga: anafika moto, na limau pembeni, unamtafuna na kichwa chake.

"Kiangazi bahari imetulia."
Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini, na mbingu ikiwa safi kabisa bila wingu. Saroniki imekingwa kuliko visiwa vya mbali, lakini haina kinga kamili. Upepo ukifika nguvu ya 8 kwa kipimo cha Beaufort, mamlaka za bandari kwa kawaida huzuia meli kutoka. Boti za kasi husimamishwa mapema zaidi. Kwa hiyo siku ya kisiwa isiwe ile ya mwisho kabla ya ndege yako. Iweke mwanzoni, ukikwama ulale Skala.