Viashiria vya damu kwenye sikoseli: namba zinasema nini kuhusu ukali wa ugonjwa

Viashiria vya damu ni majibu ya maabara yanayoonyesha chembe nyekundu zinavunjika kwa kasi gani, uboho (sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu) unajitahidi kiasi gani kuzifidia, na viungo vimeanza kuumia au bado. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kusema sikoseli ya mtu ni kali au nafuu. Tena vingi havisomeki vizuri mpaka ujue namba za kawaida za mgonjwa huyo akiwa mzima.

Hemoglobini, ambayo wengi huiita wingi wa damu, ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya sikoseli siku 10 hadi 20. Kwa hiyo wengi wenye SS, yaani waliorithi jeni ya sikoseli kwa baba na kwa mama, hukaa na gramu 6 hadi 9 kwa desilita mwaka mzima, wanacheza na shule wanakwenda. Sasa mtoto ametolewa Pangani na homa, amefikishwa hospitali ya Bombo, Tanga mjini, usiku, anapimwa ana 6.5. Kama kawaida yake ni 6.8, atafutiwe chanzo cha homa, malaria ikiwa ya kwanza. Kama kawaida yake ni 9, hiyo ni dharura.

Hapo ndipo retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, zinapoamua. Kwa mwenye SS kwa kawaida huwa juu, mara nyingi asilimia 5 hadi 15 au zaidi. Damu ikishuka kwa gramu 2 au zaidi, bandama imevimba na retikulosaiti ziko juu, damu imenaswa ndani ya bandama, na mtoto anaweza kufariki ndani ya saa chache. Zikiwa chini ya asilimia 1, uboho umesimama kazi, mara nyingi kwa sababu ya kirusi cha parvo B19. Wingi wa damu unaweza kuwa uleule kwa watoto wote wawili, na kinachowamaliza ni tofauti kabisa.

Kwa hiyo mwombe mhudumu aandike namba za kawaida kwenye jalada la ndani la daftari la kliniki: hemoglobini, retikulosaiti, chembe nyeupe, na bandama imeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu. Zipimwe mtoto akiwa mzima, angalau wiki 4 bila homa wala maumivu makali, na miezi 3 tangu alipoongezewa damu. Ukipima mapema zaidi ya hapo, sehemu ya damu unayoisoma ni ya mchangiaji.

Chembe nyeupe nyingi zimehusishwa na ugonjwa mkali, lakini kuna mtego. Baadhi ya mashine huhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kama nyeupe, na jibu likapanda bure. Fundi akiangalia slaidi kwa darubini anaweza kurekebisha. Kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kutuama chini ya mrija (ESR) nacho kisitegemewe, maana zilizopinda hazipangani vizuri. Jibu hutoka dogo hata mgonjwa akiwa na maambukizi makubwa.

LDH, kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe, na bilirubini, rangi ya manjano itokanayo na hemoglobini, hupanda chembe zinapovunjika. (Macho ya manjano kwa mwenye sikoseli aghalabu hutokana na hilo, si ini kuharibika, kwa hiyo mitishamba ya kusafisha ini haina kazi hapa.) LDH huharibiwa na uchukuaji mbaya: sindano nyembamba mno, au chupa iliyotikiswa kwa nguvu, huvunja chembe ndani ya chupa.

Hemoglobini F, ile ya kichanga, ndiyo kinga kubwa zaidi, kwani huzuia hemoglobini S, ile ya sikoseli, isishikane kuwa nyuzi. Ndiyo maana watoto wengi huwa hawaonyeshi dalili miezi ya mwanzo. Kwa jumla, inavyokuwa nyingi ndivyo mgonjwa anavyopata nafuu.

Pwani ya Tanga kuna jambo jingine: alfa-thalasemia, hali ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa hemoglobini, ni ya kawaida huku. Aliyeirithi pamoja na SS huvunja chembe polepole na huwa na damu nyingi zaidi, lakini maumivu ya mifupa hayapungui, kwa sababu damu nzito hupita kwa shida kwenye mishipa midogo. Kwa sababu hiyohiyo, akiongezewa damu haifai kuvushwa gramu 10. Chembe zake pia ni ndogo, na anayeona jibu hilo hukimbilia vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Avitoe tu baada ya kupima feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, tena mtoto akiwa hana homa, kwa kuwa maambukizi hupandisha feritini. Aliyeongezewa damu mara nyingi huwa tayari amelimbikiza chuma, na kikizidi huumiza ini na moyo.

Kwa anayetumia haidroksiyurea, dawa ya sikoseli ya kumeza kila siku, angalia ukubwa wa chembe nyekundu. Dawa ikifanya kazi, chembe hukua na hemoglobini F hupanda. Ukubwa usipobadilika baada ya miezi kadhaa, kabla ya kuongeza dozi, muulize mama kwa upole kama vidonge vinapatikana na vinamezwa kila siku.