Filamu ya njama ya kisiasa ni ipi hasa?

Kwa Kiswahili njama huliwa, na huwezi kuila peke yako. Hapo ndipo filamu ya njama ya kisiasa inapoachana na ile ya upelelezi wa kawaida. Kwenye upelelezi, muuaji hujificha hadi dakika za mwisho. Kwenye njama unaweza kumwona mapema kabisa, rungu mkononi. Anayetafutwa ni aliyemtuma, naye huenda ndiye bosi wa wapelelezi.

Chukua filamu ya Z ya mwongozaji Costa-Gavras (1969). Imetokana na kisa cha Grigoris Lambrakis, mbunge wa Ugiriki aliyepinga silaha za nyuklia. Usiku wa Mei 22, 1963, mjini Thessaloniki, alikuwa ametoka kuhutubia mkutano, polisi wamejaa barabarani. Ikatokea pikipiki ya magurudumu matatu, tuseme guta, na mtu aliyepanda nyuma akamtwanga kichwani. Alifariki siku tano baadaye. Wakubwa wakasema ni ajali ya barabarani.

Kazi yote ya filamu ni kulivunja hilo neno "ajali". Hakimu mchunguzi, kijana mkavu asiyepandisha sauti, anauliza tu nani alikuwa wapi na nani alimwona nani. Maelezo yanagongana, uongo unabomoka kidogo kidogo, mpaka maofisa wenye medali kifuani wanaitwa mmoja mmoja kusomewa mashtaka. Wakitoka, kwa kuwakimbia waandishi, wanang'ang'ania mlango uliofungwa. Mimi hapo hucheka kila mara.

Marekani, baada ya Kennedy kuuawa 1963, ilizaa za kwake, tena zenye giza zaidi. The Parallax View (1974) inaanza na seneta kuuawa juu ya mnara wa Space Needle, Seattle, kisha tume inatangaza kwamba muuaji alikuwa peke yake. Mwishoni, baada ya mauaji mengine, tume inasema yale yale, wala haipokei maswali.

Kwa hiyo usikae ukingoja haki itendeke. Katika Z mashahidi wanakufa, wanajeshi wanatwaa nchi na kupiga marufuku vitabu vya Tolstoy, muziki wa Beatles, hata herufi Z yenyewe, ambayo kwa waandamanaji ilimaanisha "yu hai". Hakimu mchunguzi wa kesi halisi, Christos Sartzetakis, alitiwa ndani na utawala huo wa kijeshi. Mwaka 1985 akawa rais wa Ugiriki.