Je, wajua ni kwa nini maabara husaga nyuki 60 ili kupima mzinga mmoja?

Kwa miaka kadhaa niliamini kuwa kuutambua ugonjwa wa nosema, unaoshambulia utumbo wa nyuki, hakuhitaji maabara. Nilikuwa nikipita karibu na mzinga wa jirani, ulioning'inizwa kwenye mkorosho nje kidogo ya mji wa Malindi, nikautazama mlango wake. Ukiwa safi, bila michirizi ya kinyesi cha rangi ya kahawia, nilimhakikishia kwamba nyuki wake ni wazima. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliridhika na kutafuta mawingu.

Michirizi ile huweza kuletwa na chakula kibaya, kama vile asali iliyochacha, pasipo kimelea chochote, na mzinga uliojaa vimelea huweza kuwa na mlango msafi kabisa. Dhana hiyo ilikomaa Ulaya, ambako nyuki hujifungia mzingani miezi ya baridi wakizuia haja mpaka siku ya jua, kwa hiyo aliyeharibika tumbo huchafua nyumba. Nyuki wa Malindi hana majira kama hayo. Hutoka karibu kila siku, na choo chake ni pori zima. Isitoshe, nosema za nyuki wa asali zinazojulikana zaidi ni mbili. Nosema apis, iliyoelezwa na Enoch Zander nchini Ujerumani mwaka 1909, ndiyo iliyohusishwa na kuhara. Nosema ceranae, iliyoelezwa mwaka 1996 kutoka kwa nyuki wa Asia, kwa kawaida haiachi michirizi. Na hata hiyo ya kwanza haikuonekana kuenea sana nchini: uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika maeneo 24 ya Kenya uliikuta katika maeneo manne tu, matatu kati yake yakiwa pwani. Kwa hiyo nilikuwa nikitafuta mawingu ya nchi nyingine.

Kimelea chenyewe, ambacho ni jamaa wa kuvu, huishi katika seli za utumbo wa kati wa nyuki na kusambaa kwa spora, yaani chembe zake za uzazi, zinazomezwa. Ndani ya kila spora mna mrija uliojizungusha kama kamba ya nanga, ambao hufyatuka ghafla na kuvisukumiza vilivyomo katika spora hadi ndani ya seli ya nyuki. Yote hayo hutukia ndani ya kitu chenye urefu wa takriban milimita 0.005.

Basi kwa nini nyuki 60, na si mmoja aliyedhoofika? Chukulia gunia la korosho ambamo 5 katika kila 100 zimeoza. Ukibangua moja, uwezekano wa kukuta nzima ni asilimia 95, na utalisifu gunia bure. Ukibangua 10, bado kuna asilimia 60 hivi ya kutokutana na bovu hata moja. Ukifika 30, asilimia 21. Ukifika 60, uwezekano wa kudanganyika hushuka chini ya asilimia 5. La kushangaza ni kwamba ukubwa wa gunia hauna uzito wa maana katika hesabu hii, mradi liwe limechanganywa vyema: nyuki 60 watatosha mzinga wa 10,000 na wa 40,000 vilevile. Mzinga, hata hivyo, haujachanganywa. Nyuki aliyetoka tu kwenye sega hana spora, kwa hiyo wanaochukuliwa ni wakongwe warudio mlangoni kutoka mauani.

Matumbo yao hupondwa kwa mchi pamoja na mililita 1 ya maji kwa kila nyuki, kisha tone la uji huo huwekwa kwenye kioo chenye miraba, kilekile kinachotumika kuhesabia chembe za damu, na kutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 400. Katika mpangilio uliozoeleka wa miraba midogo 80, kila spora inayoonekana huwakilisha spora 50,000 kwa nyuki. Ukihesabu 20, wastani ni 1,000,000. Wafugaji wengi huichukua idadi hiyo kuwa mpaka wa hatari, ingawa ulizoeleka kwa Nosema apis na ushahidi wake kwa ile ya pili ni hafifu.

Hadubini pia haizitenganishi kwa uhakika nosema hizo mbili, kwa kuwa spora zake hukaribiana mno kwa umbo. Hapo hutumika PCR, mbinu ya kurudufisha vinasaba, ambayo hutaja aina bila kusita lakini husoma vinasaba vya spora iliyokufa sawasawa na vya iliyo hai.

Na wastani una hila yake. Nyuki 60 wenye spora milioni 1 kila mmoja, na nyuki 59 safi waliosagwa pamoja na mmoja mwenye milioni 60, hutoa jibu lilelile kwenye kioo. Anayetaka kuitofautisha mizinga hiyo miwili hana budi kuwaponda nyuki mmoja mmoja na kutayarisha vioo 60, kazi ambayo, kwa mtu aliyezoea kutazama mlango tu, ni adhabu ya haki.