Tunaogopa giza la mtaani, kinachotuumiza kiko kwingine: dhana potofu kuhusu usalama wa kutembea kitaani

Juzi saa mbili na nusu usiku nimeshuka daladala Tandika nikaanza kutembea kwenda nyumbani, ni mwendo wa dakika kumi na mbili hivi, na kama kawaida nikajikuta simu nimeitoa mfuko wa nyuma nikaiweka mbele, pochi kwapani, na nikifika kile kipande cha ukuta wa shule naongeza hatua. Nimekaa hapa miaka kumi na moja. Pale ukutani sijawahi kuguswa na mtu hata siku moja. Mara mbili zote nilizopata shida ilikuwa mchana kweupe, ya kwanza nimekwapuliwa simu nikiwa ndani ya bajaji nasoma meseji, ya pili bodaboda imenipitia kwa nyuma nikiwa pembeni kabisa ya barabara na goti mpaka leo baridi ikizidi linauma. Lakini ninachokiogopa ni ukuta! Nimelifikiria sana hili nikaona sio mimi peke yangu, wengi wetu tunaogopa pasipo hatari na tunapitia kwenye hatari tumetulia kabisa, kwa hiyo acha niyaseme yale ninayoyasikia kila siku vibarazani na kwenye magrupu ya WhatsApp.

"Mtaa umeharibika, siku hizi hakutembeleki kabisa"

Kujisikia salama ni jambo moja, kuwa salama ni jambo lingine, na hata wanaopima haya mambo wanayapima mbalimbali. Kwenye yale Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, lengo la 16 lina kiashiria kinachohesabu watu waliouawa (16.1.1) halafu kuna kingine kabisa, 16.1.4, kinachouliza asilimia ngapi ya watu wanajisikia salama wakitembea peke yao kwenye eneo wanaloishi. Sasa hizo namba mbili hazitembei pamoja. Unaweza ukawa na mtaa ambao matukio yamepungua lakini watu wanazidi kujifungia ndani, na unaweza ukawa na mtaa ambao watu wamezoea mpaka hawaoni tena kinachowaumiza.

Hofu inalishwa na nini? Inalishwa na story, na siku hizi story ina mbio kuliko mtu. Nani wa Dar amesahau Januari 2015, ile jioni ya Panya Road, yale makundi ya vijana wa mapanga? Nilikuwa Sinza. Watu wanakimbia, maduka yanafungwa, kinamama wanaacha masufuria jikoni wanafuata watoto, mtu anakwambia wako Magomeni, mwingine anasema wameshafika Manzese, mara Tabata, yaani kwa meseji zile walikuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Mimi sikuona kijana hata mmoja mwenye panga, niliona watu wanaokimbia wakiwakimbia watu wanaokimbia. Sisemi hakukuwa na kitu. Panya Road walikuwepo kweli na waliumiza watu kweli, na Septemba 2022 kule Kawe walivamia nyumba usiku na binti wa watu akapoteza maisha, mama yake hawezi kuambiwa ni uvumi. Ila angalieni jambo moja, yule binti hakukutwa anatembea barabarani, alikuwa nyumbani kwao. Na sisi baada ya pale tukafanya nini, tukaanza kuwaambia mabinti zetu wasitoke.

"Uswahilini hatari, ushuani ndo salama"

Hii inaniuma kwa sababu nimekulia uswahilini. Mtu akisikia Tandale au Mbagala anashika pochi, akisikia Oysterbay anashusha pumzi. Lakini ukisoma maelekezo ya usafiri ambayo nchi za nje zinawapa raia wao wanaokuja Dar, eneo la rasi ya Msasani, iliko hiyo Oysterbay, linatajwa, na Toure Drive, kule kule baharini, kwamba watu wanakwapuliwa mikoba na gari au pikipiki zinazopita. Na ukifikiria inaeleweka kabisa. Kule ni ukuta mrefu, geti, ukuta, geti, mlinzi yuko kwa ndani anasikiliza redio, ukipiga kelele anayekusikia ni mbwa. Huku kwetu saa tatu usiku nikitoka stendi napita kwa muuza chipsi, vijana wa pikipiki kijiweni, fundi cherehani ambaye hafungi mpaka saa nne, halafu mama wa mihogo ya kukaanga pale kona ya duka la dawa. Yule mama ananijua kwa mwendo. Siku moja nilichelewa sana foleni ilikuwa imefunga mpaka uwanja wa taifa, nikapita saa nne na nusu akaniambia "leo mbona hivi, mjukuu wangu, nilishaanza kukuwazia," na alikuwa ameshamaliza mihogo, mafuta ameshayamimina kwenye dumu, amekaa tu kwenye kigoda anasubiri. Huyo ni mlinzi ambaye hakuna anayemlipa.

Sasa sisemi uswahilini hakuna wezi, wapo na tunawajua mpaka kwa majina ya utani. Nasema kinachofanya njia iwe salama ni watu kuwa nje na kujuana, na hicho kitu hakifuati bei ya kiwanja. Ndo maana zile operesheni za kuondoa machinga na mama ntilie barabarani bila kufikiria zinaacha njia tupu saa moja usiku, kisha tunashangaa kwa nini watu wanaporwa pale pale.

"Adui ni mtu usiyemjua, gizani"

Hapa naomba mtu asome taratibu.

Kwanza magari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema watu kama milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021 na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa anatembea kwa miguu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali ndo muuaji namba moja duniani, sio malaria, sio jambazi. Na hii inahusu spidi zaidi kuliko chochote. Sheria yetu kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, lakini simama Barabara ya Kilwa saa kumi na mbili asubuhi wakati watoto wa shule wanavuka uone kama kuna anayekumbuka hiyo hamsini. Mtu akigongwa na gari lililo kwenye 65 badala ya 50 uwezekano wa kufa unapanda zaidi ya mara nne, na hizo kilomita 15 dereva wala hazisikii mguuni.

Na hili linatibika! Hapa hapa Dar shirika la Amend lilianza kazi ya kutengeneza njia za kwenda shule, wanaangalia watoto wanaumia wapi halafu wanaweka matuta, njia ya kutembea pembeni, vivuko, shule nyingine walihamisha geti tu likatoka barabara kubwa likaenda njia ya nyuma. Basi. Majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo kwenye maeneo ya shule hizo, na 2019 mradi ukashinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Kuhamisha geti, jamani. Ila kwenye vikao vya mtaa mtu akitaja tuta anaambiwa linaharibu shokapu.

Pili nyumbani. Hili gumu kulisema lakini lazima. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2023 zinaonyesha wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na mwenza au mtu wa familia, hiyo ni karibu 60% ya wanawake wote waliouawa kwa makusudi mwaka ule. Kwa wanaume haifiki 12%. Hapa Tanzania, utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 ulikuta wanawake wanne kati ya kumi wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike miaka 15, na kwa walioolewa aliyetajwa zaidi ni mume, wa sasa au wa zamani. Kwa hiyo tunapomwambia binti "usitoke usiku, baki ndani ni salama" kwa wengine tunawaambia wabaki pale pale wanapoumizwa. Mtoto akikataa kwenda kwa mjomba fulani, muulize kwa upole kuna nini, usimwite mkaidi.

"Wanawake wanaogopa bure, mbona mimi natembea tu"

Kaka zangu hii mnaisema sana. Ni kweli ukihesabu mauaji peke yake wanaume ndo wengi, duniani wanane kati ya kumi wanaouawa ni wanaume, na kijana wa kiume anayerudi saa saba usiku yuko kwenye hatari ambayo wala haifikirii. Lakini hofu ya mwanamke haitokani na mauaji tu. Inatokana na mluzi, na kuitwa "we mtoto njoo," ukinyamaza unatukanwa, na mkono kwenye kiuno pale mlangoni mwa daladala, na yule anayekufuata mpaka kona ya pili huku anacheka na wenzake. Kila siku, tangu una miaka kumi na moja. Na huwezi kujua yupi ataishia kwenye maneno na yupi hataishia hapo.

Wengi wanadhani hiyo ni utani wa mtaani tu, kumbe ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinataja udhalilishaji wa kijinsia kwa maneno au vitendo, na kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Nimewahi kuripoti mara moja. Askari wa kituo kile, sitakitaja, aliniuliza nilikuwa nimevaa nini. Nikarudi nyumbani. Tukio langu halimo kwenye takwimu yoyote, na ndo maana nikisikia mtu anasoma takwimu za polisi anasema wanawake wana hofu za bure natamani nimkalishe chini.

"Mwizi achomwe, ndo mtaa utatulia"

Kwa muda mrefu ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu waliouawa na wananchi wenye hasira kali kwa mamia kwa mwaka, na wezi hawajaisha. Kilichoongezeka ni kwamba sasa kukimbia tu ni hatari. Hapa kwetu kijana fundi wa kuchomelea alikuwa anakimbilia gari, mtu akapiga kelele "mwizi" huko kwingine kabisa, wakamdaka yeye. Aliokolewa na mzee mmoja aliyemlalia juu akasema nipigeni na mimi. Jicho moja halioni vizuri mpaka leo. Katiba ibara ya 13(6)(b) inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, lakini pale kwenye matairi hakuna anayesoma katiba, wanahitajika watu wawili watatu wa kusema hapana kwa sauti, tumpeleke kituoni.

"Wakiweka taa tumemaliza"

Taa zinasaidia, sana tu. New York mwaka 2016 walijaribu kuweka taa kali kwenye baadhi ya makazi ya umma na mengine wakayaacha, makosa makubwa ya usiku ya nje yakapungua kwa kama 36%. Huku kwetu pia zile barabara za DMDP, mradi wa kuboresha jiji la Dar, zilipoingia mitaani na lami, mitaro na taa, watu walianza kukaa nje mpaka usiku, biashara zikahamia pale. Lakini taa ya sola ambayo betri imekufa au imeibiwa ni nguzo tu, na njia yenye mwanga isiyo na mtu bado ni njia isiyo na mtu.

Taa ya pale kwenye ukuta wa shule ilizima tangu masika. Kila mtu alidhani mwenzake ameshasema. Nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaniambia barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, sio TANESCO wa umeme kama tulivyokuwa tunalalamikia miezi yote ile, tukaandika barua ya mtaa, tukaweka picha mbili, ya mchana na ya usiku, tukaeleza iko mkabala na geti dogo la shule, watu kumi na tisa wakasaini. Nakala tumempa diwani. Fundi amekuja Jumanne amepanda ngazi ameangalia, amesema ni betri, atarudi nayo. Mama wa mihogo amesema ikiwaka anasogeza jiko lake pale, kwa sababu pale kona ya duka la dawa upepo unamzimia mkaa.