Je, wajua kwa nini akina mama walivua nguo Uhuru Park mwaka 1992?

Wengi wanaosimulia kisa cha Machi 3, 1992 jijini Nairobi husema polisi waliwavua nguo wanawake wazee. Wengine husema akina mama wale walichanganyikiwa kwa gesi ya machozi. Sivyo. Walivua wenyewe, kwa makusudi, na askari waliokuwa mbele yao walielewa vizuri wanafanyiwa nini. Ukisema walivuliwa, unawapokonya silaha yao kubwa na kuwageuza wahanga tu.

Kwa ufupi, Kenya ilikuwa imerudisha vyama vingi Desemba 1991, lakini watu waliofungwa kwa kupinga serikali ya Rais Moi walikuwa bado gerezani. Februari 28, akina mama wa wafungwa hao, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, walimpelekea Mwanasheria Mkuu orodha ya wafungwa 52 wakitaka waachiwe. Kisha wakaketi Uhuru Park, wakafunga kula, wakisubiri jibu. Watu wakamiminika, na waliowahi kuteswa Nyayo House, jengo la serikali jijini humo, wakaanza kusema hadharani. Siku ya tano, jibu likaja kwa virungu. Maathai alipigwa hadi akazimia.

Hapo ndipo baadhi ya akina mama walipovua. Kwa Wakikuyu, na kwa jamii nyingine kadhaa za Kenya, mama kumwonyesha uchi wake kwa hiari mwanamume wa rika la mwanawe ni laana. Ni kumwambia: kwa mwili huu uliozaa, nakukana.

Laana hiyo ina nguvu gani mbele ya bunduki? Fikiria refa uwanjani. Hana rungu wala pingu, lakini filimbi yake inasimamisha wachezaji 22, kwa kuwa kila mmoja ameshakubali moyoni kwamba bila filimbi hakuna mechi. Amri ya serikali nayo hupita kwenye mkono wa kijana fulani mwenye rungu. Mama akigusa kitu ambacho kijana huyo anakiheshimu kuliko bosi wake, mkono unasita. Siku ile askari waligeuza nyuso.

Ila asiyeitambua filimbi huendelea kukimbia. Machi 1922, mjini humo humo, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua gauni lake mbele ya wanaume waliosita kudai kuachiwa kwa Harry Thuku, mpinga ukoloni aliyekuwa kizuizini, akawaambia wampe suruali zao. Umati ulisonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Hata mwaka 1992 polisi walirudi wakawatawanya akina mama, nao wakahamia kanisa la All Saints na kuendelea kudai kwa takriban mwaka mzima.

Baadhi ya wafungwa waliachiwa Juni 1992, na karibu wote waliobaki mwanzoni mwa 1993. Laana peke yake haikufungua milango: wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991, na uchaguzi wa Desemba 1992 ulikuwa njiani. Hata hivyo, naamini akina mama wale walikuwa na haki kamili ya kukaidi. Walianza kwa ombi la maandishi kwa ofisi inayohusika, wakangoja, na hawakumrushia mtu jiwe. Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, ambaye mama yake Monica Wangu alikuwa mmoja wao, alitoka gerezani Januari 1993.